Rivolva ndogo ya .22 ya kulengea shabaha: ipi ununue, ipi uiache dukani

Anayetafuta rivolva (bastola yenye silinda inayozunguka na kubeba risasi) ya .22, yaani ya risasi yenye kipenyo cha takriban inchi 0.22, kwa mchezo wa kulenga shabaha mara nyingi huanza kwa kuitazama ile ndogo kuliko zote. Hapo ndipo fedha zinapopotea. Rivolva ya mtutu wa inchi 2 hubebeka kirahisi lakini hulengeka kwa shida, na mwanzo mgumu hukatisha tamaa mapema. Kwa karatasi na makopo, kinachonunuliwa ni vitu vitatu: kifyatulio kinachovutika bila kutikisa mkono, vilengeo vinavyoonekana vizuri na kurekebishika, na uzito wa kutosha kutulia kiganjani. Idadi ya risasi, rangi ya chuma na mbao za mpini ni mambo ya baadaye.

Hesabu ya urefu iko wazi. Tuseme umbali kati ya kilengeo cha mbele na cha nyuma ni milimita 100. Kilengeo cha mbele kikienda pembeni nusu milimita tu, risasi itapiga sentimita 7.5 kando kwenye shabaha ya mita 15. Kosa lile lile kwenye rivolva yenye milimita 200 kati ya vilengeo halifiki sentimita 4. Ndiyo sababu orodha iliyo hapa chini inaanza na zenye mtutu wa inchi 4 na zaidi, na zile fupi kuliko zote zimeshuka mkiani hata kama zimetengenezwa vizuri.

Kibali kabla ya pesa

Nchini Kongo mambo ya silaha na risasi yanaongozwa na ordonansi-sheria nambari 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985. Mtu binafsi hamiliki silaha ya moto bila idhini ya serikali, na .22 ni silaha ya moto kamili hata kama sauti yake ni ndogo na bei ya risasi zake ni nafuu. Kwa aliye Lubumbashi, mpangilio ni huu: kwanza ulizia idhini kwenye utawala wa mkoa, upate karatasi mkononi, halafu ndipo uzungumze bei na muuzaji. Usitoe hata malipo ya kushikilia kabla ya hapo.

Siku ya kupokea silaha, soma namba iliyochongwa kwenye fremu ukiwa na karatasi mbele yako, tarakimu kwa tarakimu. Herufi moja ikitofautiana, usiondoke nayo. Namba iliyokunwa, iliyogongwa upya, au iliyofichwa chini ya rangi inamaanisha silaha hiyo si ya kuuzwa, hata muuzaji akiwa mtu mnayefahamiana. Silaha ya mkononi mwa mtu asiye na karatasi usiiguse kabisa. Hakuna bei nafuu itakayoifanya kuwa halali. Na ukivuka Kasumbalesa kwenda Zambia au zaidi kusini kwa ajili ya mashindano, kila nchi inadai kibali chake, cha kuingiza na cha kutoa. Kibali cha Kongo hakikutoshi ng'ambo ya mpaka.

Jinsi risasi ya .22 inavyofanya kazi, na kwa nini inakuhusu

Smith & Wesson walianza kuuza rivolva ya risasi ndogo ya .22 mwaka 1857, na .22 Long Rifle (LR) tunayoitumia leo ilitokea mwaka 1887. Mpango wake haujabadilika. Risasi hii haina fataki (kiwashio) katikati ya kitako kama risasi kubwa. Unga wa kuwashia umesambazwa ndani ya ukingo wa ganda, na pini ya rivolva huubana ukingo huo dhidi ya chuma cha silinda mpaka unawaka.

Karibu kila tabia ya rivolva hizi inatoka hapo. Ukingo ukishapondwa umekwisha, kwa hiyo maganda hayajazwi tena. Kila risasi unayopiga ni ya kununua. Unga usipoenea vizuri kuzunguka ukingo, pini inaweza kugonga mahali patupu na risasi isilie. Na kwa kuwa ukingo unahitaji kugongwa kwa nguvu, watengenezaji huweka springi kali, ndiyo maana rivolva ya .22 mara nyingi ina kifyatulio kizito kuliko ndugu yake ya .38 ya umbo lile lile. Fundi akikuambia atakata springi ili ilainike, mkatalie. Siku ya kwanza utafurahi, wiki ya pili risasi tatu kati ya kumi hazitalia.

Kuna tokeo la nne ambalo wanunuzi wengi hawalijui. Ukifyatua silinda ikiwa tupu, kwenye rivolva nyingi za zamani pini hupiga moja kwa moja ukingo wa chumba (tundu la silinda linaloshika risasi), na kila pigo linaacha kovu. Makovu yakiwa mengi, chuma husukumwa kuelekea ndani ya chumba, risasi haiingii mpaka mwisho, na ganda haling'oki. Ukitaka kufanyia mazoezi kifyatulio nyumbani, nunua risasi bandia za plastiki za ukubwa wa .22 na uzibadilishe zikishapondeka. Maganda yaliyokwisha kupigwa pia yanafaa kwa muda mfupi, mradi uyazungushe kidogo ili pini ikute ukingo mzima.

Nyundo kwa kidole, au kuvuta tu?

Rivolva zipo za aina mbili. Ya kwanza unavuta nyundo kwa kidole gumba kila unapotaka kupiga. Kifyatulio kinachobaki ni chepesi na kifupi, kwenye iliyotengenezwa vizuri kama kilo 1.5 hivi. Risasi zinaingizwa moja moja kupitia kilango cha pembeni, na maganda yanasukumwa nje moja moja kwa fimbo iliyo chini ya mtutu. Ni kazi ya polepole. Ya pili ina silinda inayofunguka upande wa kushoto, maganda yote yanatoka kwa msukumo mmoja, na kifyatulio kinaweza kuvuta nyundo chenyewe, lakini kwa uzito wa kilo 5 au zaidi.

Kwa anayejifunza, polepole ni faida. Mtu hawezi kumaliza boksi la risasi 50 kwa dakika tatu akiwa na rivolva ya kilango; analazimika kufikiri kila risasi. Kisha sehemu zake ni chache, na Lubumbashi fundi wa kweli wa silaha ndogo si wa kumkuta kila komini. Sababu hizo mbili ndizo zilizotuongoza kwenye nafasi ya kwanza.

Ya kwanza: Ruger Single-Six, mtutu wa inchi 5.5

Imetengenezwa tangu mwaka 1953, fremu, mtutu na silinda ni vya chuma, uzito karibu kilo moja, inabeba risasi 6, na kwa kawaida kilengeo chake cha nyuma kinarekebishwa kwa bisibisi ndogo juu-chini na kushoto-kulia. Nyingi huuzwa na silinda mbili: moja ya .22 LR, nyingine ya .22 Magnum, risasi ndefu na yenye nguvu zaidi. Springi zake ni za waya uliozungushwa, si za bapa zinazovunjika, na ukiisafisha inavyostahili inapiga maelfu kwa maelfu bila kulegea.

Yapo mambo mawili ya kuangalia. Zile zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1973 hazina kipande kinachotenganisha nyundo na pini. Ikidondoka nyundo ikiwa juu ya chumba chenye risasi, inaweza kulia yenyewe. Ili kuitambua, tazama ubavu wa fremu: ya zamani ina skrubu tatu, mpya haina skrubu hizo bali vijiti viwili vya chuma vilivyopitishwa kwenye fremu. Ukinunua ya skrubu tatu, weka risasi 5 tu na nyundo ikae juu ya chumba kitupu, siku zote. Jambo la pili ni kwamba mtutu mmoja unahudumia silinda mbili, na risasi ya Magnum ni nene kidogo kuliko ya LR, kwa hiyo mtutu umechongwa kwa kipimo cha kuzihudumia zote mbili. Baadhi hazikusanyi matundu ya .22 LR kwa ubora wa rivolva ya shabaha halisi. Kwa umbali wa mita 10 hadi 20 tofauti hiyo haimnyimi mtu raha.

Na usipige .22 LR ndani ya silinda ya Magnum kwa kuwa "inaingia". Chumba cha Magnum ni kipana zaidi. Ganda la LR hupasuka na gesi hurudi nyuma.

Ya pili: Smith & Wesson 617, mtutu wa inchi 4

Kwa kulenga peke yake, hii ndiyo rivolva bora katika orodha nzima. Chuma cha pua kisichoshika kutu haraka, silinda ya risasi 10 (za zamani zilibeba 6), vilengeo safi, na kifyatulio ambacho nyundo ikiwa imevutwa kinakatika bila mkwaruzo. Ya inchi 4 ina uzito wa kilo 1.1, ya inchi 6 inafika kilo 1.25. Uzito huo unakausha mtikisiko wa mkono.

Tumeishusha nafasi ya pili kwa sababu si ndogo, ni ghali, na ina tabia moja ya kuchosha: vyumba vyake vimebana. Baada ya risasi 60 hadi 100, masizi na nta ya risasi hujaa humo na maganda hugoma kutoka. Wengi hugonga fimbo ya kutolea kwa kiganja mpaka inapinda. Dawa ni kupitisha brashi ya shaba kwenye kila chumba baada ya kila boksi moja au mawili. Ni kazi ya dakika mbili.

Anayetaka kujifunza pia kuvuta kifyatulio kizito kwa ulaini, na ana fedha, aanze na hii, asisubiri.

Ya tatu: Ruger Super Wrangler

Ilitoka mwaka 2023 kwa bei ya orodha ya dola 329 huko Marekani, na kwa bei hiyo inatoa mambo ambayo hayakuwahi kukutana: fremu ya chuma kamili, mtutu wa inchi 5.5, kilengeo cha nyuma kinachorekebishika, na silinda zote mbili. Umaliziaji wake si wa kupendeza kama Single-Six na kifyatulio kina mkwaruzo kidogo mwanzoni. Kwa mtu ambaye bajeti yake inamlazimisha kuchagua kati ya silaha nzuri na risasi za mazoezi, hii ndiyo jibu, na fedha zinazobaki zinunue risasi.

Bei ya orodha ya Marekani usiipeleke kwa muuzaji kama hoja. Kuna usafiri, ushuru na karatasi. Itumie kulinganisha rivolva moja na nyingine tu.

Ya nne: Ruger SP101 ya .22

Risasi 8, mtutu wa inchi 4.2, gramu 850, chuma cha pua, kilengeo cha nyuma kinarekebishika na cha mbele kina uzi wa rangi unaong'aa mchana. Umbo lake ni dogo kweli na ni imara kuliko unavyohitaji. Kasoro ni kifyatulio: bila kuvuta nyundo ni kizito mno kwa vidole vya wengi. Anayeitumia kwa kuvuta nyundo kila mara ataipenda, ila basi amelipia kitu asichokitumia.

Ya tano, mbili kwa pamoja: Smith & Wesson 63 na Ruger LCRx ya inchi 3

Zote mbili zina mtutu wa inchi 3, risasi 8 na kilengeo cha nyuma cha kurekebisha. Ya kwanza ni ya chuma chote, zaidi ya gramu 700; ya pili ni nyepesi, haifiki nusu kilo. Hapa ndipo udogo na ulengaji vinapokutana kwa mara ya mwisho. Kati ya hizo chagua 63 kwa shabaha, kwa kuwa uzito unasaidia. Kifyatulio cha LCRx hutiririka vizuri, lakini mwili mwepesi hufuata kila kosa la kidole.

Ya sita: Ruger Bearcat

Ya tangu mwaka 1958, risasi 6, mtutu wa inchi 4.2, gramu 680 hivi. Ni ndogo kwa umbo lote, na mpini wake ni mwembamba. Mama au kijana mwenye kiganja kidogo, anayefundishwa akiwa chini ya usimamizi, ataishika sawasawa pale ambapo Single-Six inamzidi. Mtu mwenye mkono mkubwa kidole kidogo kitakosa pa kukaa. Kwa kawaida vilengeo vyake havirekebishiki, na bei yake iko karibu na ya Single-Six, ndiyo iliyoishusha.

Ya saba: Ruger Wrangler

Mwaka 2019 ilianza kwa takriban dola 250 kwenye orodha. Fremu ni ya alumini, mtutu wa inchi 4.62, gramu 850, risasi 6, na ina kipande cha usalama kati ya nyundo na pini kama Single-Six mpya. Ni silaha ya kweli, si kichezeo. Vilengeo ni vya kudumu: ufa kwenye fremu na ulimi wa chuma mbele.

Ikipiga chini ya unapolenga, ulimi wa mbele unapunguzwa kwa tupa. Nenda taratibu. Kwa umbali uliopo kati ya vilengeo vyake, kupunguza sehemu ya kumi ya milimita kunapandisha risasi takriban sentimita moja kwenye mita 15. Piga tupa mara mbili tatu, paka rangi nyeusi, piga risasi 10 za aina utakayotumia siku zote, pima, rudia. Ikipiga juu tangu mwanzo, usiguse tupa; itahitaji ulimi mrefu zaidi, na hiyo ni kazi ya fundi.

Ya nane: Heritage Rough Rider

Ndiyo ya bei ya chini kuliko zote na ndiyo inayopatikana kwa urahisi. Mtutu na silinda ni vya chuma, fremu ni ya aloi ya zinki. Inapiga vizuri kuliko bei yake inavyoonyesha. Lakini aloi hiyo huchakaa kwenye matundu ya skrubu na mahali mhimili wa silinda unapokaa, na haina kipande cha kutenganisha nyundo na pini. Badala yake kuna kijiti cha usalama upande wa kushoto, ambacho mtu husahau. Skrubu zake hulegea. Zikague kila baada ya boksi mbili. Inunue ikiwa mpya tu. Iliyotumika sana na yenye fremu ya zinki haitengenezeki.

Mkiani: za inchi 2 na pungufu

Ruger LCR ya inchi 1.87, gramu 420 hivi, Taurus 942 ya inchi 2 na za namna hiyo. Ni kazi nzuri ya kiwanda, na kwa shabaha ni mateso. Kwenye mita 7 zinavumilika, kwenye mita 15 anayeanza hatajua kama kosa ni lake au la silaha, na mtu asiyejua hilo hajifunzi chochote.

Ukinunua iliyokwisha tumika

Kwanza hakikisha vyumba vyote ni vitupu, kwa macho na kwa kidole. Kisha omba ruhusa na uende hivi.

Vuta nyundo polepole sana huku kidole cha mkono mwingine kikiizuia silinda kidogo. Kufuli la chini ya fremu linapaswa kuingia kwenye mfuo wake kabla nyundo haijafika mwisho. Fanya kwa kila chumba, vyote 6 au 10, kwa kuwa kimoja tu kinaweza kuwa kibovu. Kufuli likichelewa, risasi itaingia mtutuni kwa pembe, na vipande vya madini ya risasi vitaruka pembeni.

Nyundo ikiwa imevutwa, isukume mbele kwa kidole gumba kwa nguvu ya wastani bila kugusa kifyatulio. Isishuke. Ikishuka, kuna mtu aliyekwisha kuchezea tupa humo ndani, na silaha hiyo ni ya hatari.

Pima nafasi kati ya uso wa silinda na mwanzo wa mtutu kwa vibamba vya kupimia, vile vile mafundi magari wanavyotumia kwenye vali. Kuanzia milimita 0.10 hadi 0.20 ni safi. Ikipita 0.25, itatema. Sukuma silinda mbele na nyuma: mchezo ukizidi milimita 0.1, imechoka. Kila rivolva, hata mpya, hutoa gesi na chembe pale kwenye nafasi hiyo, kwa hiyo kidole cha mkono wa kusaidia kisifike mbele ya silinda, na anayesimama pembeni avae miwani sawa na mpigaji.

Chunguza mdomo wa kila chumba kwa tochi. Kovu moja dogo si kitu. Mfuo uliosukuma chuma ndani ya chumba ni hoja ya kushusha bei, maana fundi mwenye chombo chake anaweza kuurudisha. Tazama na mdomo wa mtutu kwa mbele: mkwaruzo mahali risasi inapotokea huharibu ulengaji kuliko kutu ya nje inayokutisha. Mwisho, kwenye zile za silinda ya kufunguka, zungusha fimbo ya kutolea maganda ukiwa umeifungua silinda. Ikiyumba ncha, imepinda.

Risasi: jaribu tatu, baki na moja

Usinunue katoni la risasi 500 kabla ya majaribio. Chukua boksi la 50 la aina tatu tofauti. Kwa shabaha tafuta zenye mwendo wa kawaida, risasi ya gramu 2.6 inayokwenda kama mita 325 kwa sekunde. CCI Standard Velocity ni mfano, na SK au Eley ni daraja la juu. Zile za mwendo mkali, kama CCI Mini-Mag ya mita 376 kwa sekunde, hupiga kelele zaidi na kwenye mtutu mfupi hazikupi faida yoyote ya kulenga.

Kaa chini, egemeza mikono kwenye mfuko wa mchanga, karatasi iwe mita 15, piga 10 za kila aina nyundo ikivutwa kwa kidole. Aina inayokusanya matundu ndani ya sentimita 5 imefaulu. Katika kila aina hesabu pia zisizolia. Risasi isipolia, iache silaha imeelekea shabahani kwa sekunde 30 kabla ya kufungua, kwa kuwa inaweza kuchelewa. Halafu itazame: alama ya pini ikiwa nzito, kosa ni la risasi, ikiwa hafifu kwa kila ganda, kosa ni la springi au uchafu.

Sauti ikitoka dhaifu kama mlio wa kizibo, simama hapo hapo. Huenda risasi imekwama mtutuni au imeshikilia katikati ya silinda na mtutu. Hakikisha mtutu uko wazi kabla ya kupiga nyingine. Mtutu uliovimba hautengenezeki.

Pa kupigia

Uwanja ulioidhinishwa ndio mahali pake, wala si nyuma ya nyumba. Boksi za .22 zimeandikwa onyo la umbali kwa sababu: risasi hii ndogo inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja na nusu, na kutoka mpaka wa mji kwenda Kipushi au Likasi hakuna pori lisilo na mtu wa mkaa, mchungaji au njia ya baiskeli.

Penye ruhusa kwenye shamba, watu wa Katanga hufikiria mara moja kichuguu kikubwa kiwe ukuta wa nyuma. Urefu wake unafaa na udongo wake hauna mawe mengi. Lakini mwezi wa Agosti uso wa kichuguu umekauka kama tofali, na .22 ya madini laini hupenda kuruka ikikuta kitu kigumu kwa pembe. Weka mbele yake mifuko ya mchanga au lima uso huo mpaka ulainike kwa kina cha sentimita 50, na piga ukiukabili wima, kamwe si kwa kuukata ubavuni. Nyuma ya shabaha kusionekane anga juu ya ukingo wa kichuguu: ukilenga, nyuma ya karatasi uone udongo tu. Sahani za chuma ziwe mita 10 au zaidi, zimeinamishwa mbele ili vipande vianguke chini, na miwani ni lazima hata kwa watazamaji.

Kusafisha, kwa vumbi letu na mvua zetu

Kiangazi vumbi jekundu likichanganyika na mafuta mazito huwa kama msasa ndani ya silinda. Tumia mafuta mepesi, tone moja kwenye mhimili na moja kwenye nyundo, ukaushe kwa kitambaa. Kuanzia Novemba mambo yanageuka: unyevu wa mvua huingia kwenye mfuko wa ngozi na kukaa humo, na rivolva iliyolazwa ndani yake huota kutu usiku mmoja. Ilaze kwenye kitambaa chenye mafuta kidogo ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli, risasi zikiwa mahali pengine zenye kufuli lake, funguo zote mbali na watoto.

Kwenye rivolva ya silinda ya kufunguka kuna mahali pamoja panapowashinda wengi: chini ya nyota inayosukuma maganda. Ukitoa maganda mtutu ukiwa umelala, punje za baruti zisizoungua huangukia hapo, nyota haikai tena sawasawa, na silinda inagoma kufungwa au kuzunguka. Mtu hudhani silaha imevunjika. Inua mtutu juu kabisa, sukuma fimbo kwa pigo moja lililo imara ili punje zianguke pamoja na maganda, na kila baada ya risasi 50 pitisha mswaki wa zamani chini ya nyota hiyo, bila mafuta.

Kila kitambaa ulichotumia kina madini ya risasi, na mikono yako pia. Osha kwa sabuni na maji baridi mpaka kwenye viwiko kabla ya kugusa bukari au kumshika mtoto, na nguo za kulengea zifuliwe peke yake.